Meno ya Tembo, Kutoka Porini Hadi Mahakamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa vijiji, wanahabari, wanafunzi wa sheria na kila anayetaka kujua kazi ya kumlinda tembo inavyofanyika na inakokwama. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya.

Kwa nini meno yasikatwe tu, tembo akaachwa hai?

Watu husema "pembe za ndovu", lakini kile ni jino, si pembe kama ya ng'ombe. Ni jino la mbele la taya la juu lililorefuka, na karibu theluthi yake imezama ndani ya fuvu. Sehemu hiyo ya ndani ina uwazi uliojaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Jangili hataki kuacha kitu: anapasua uso kwa shoka hadi kwenye shina. Ndiyo maana tembo aliyeuawa na majangili hutambulika kwa mbali, mkonga umetupwa pembeni na mahali pa uso pamebaki shimo.

Jino lililokatwa juu ya shina huendelea kurefuka. Likishang'olewa lote, halioti tena. Na kumpunguza meno tembo aliyelazwa kwa dawa hakumhakikishii usalama, kwa kuwa hata kisiki kilichobaki kina bei.

Wamebaki wangapi, na anayewahesabu anajuaje?

Ripoti ya mwaka 2016 ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilikadiria tembo wa Afrika kuwa takriban 415,000. Mwaka 1979 makadirio yalikuwa milioni 1.3. Tangu Machi 2021 wanahesabiwa kuwa spishi mbili: tembo wa savana, aliye hatarini kutoweka, na tembo wa msituni, aliye hatarini zaidi. Tanzania iliumia vibaya: kutoka tembo wapatao 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Miaka mitano tu. Jike hubeba mimba miezi 22 na huzaa kila baada ya miaka minne au mitano, kwa hiyo pengo la namna hiyo hulizibi kwa muongo mmoja.

Hesabu ya savana hufanywa kwa ndege ndogo yenye mabawa juu, inayoruka mita 100 hivi kutoka ardhini kwa mistari iliyonyooka. Nyuma hukaa watazamaji wawili, mmoja kila upande. Kwenye nguzo za bawa hufungwa fito mbili, na mtazamaji huhesabu wale tu wanaoonekana kati ya fito hizo. Upana wa ukanda huo unajulikana, basi eneo lote hukadiriwa kutokana nao. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha na kuhesabiwa upya mezani. Kosa la kawaida ni ndege kupanda juu kidogo bila rubani kugundua: ukanda unatanuka, hesabu inavimba, na wakubwa wanafurahia ongezeko ambalo halipo.

Mizoga nayo huhesabiwa, na kwa maoni yetu hii ndiyo namba ya kuangalia kwanza. Ukikuta tembo hai 900 na mizoga 100, uwiano wa mizoga ni asilimia 10. Ukizidi asilimia 8, kwa kawaida vifo vimewashinda wanaozaliwa. Idadi ya tembo hai inaweza kudanganya kwa sababu tembo wanahama. Mizoga haihami.

Biashara si ilipigwa marufuku mwaka 1989? Kwa nini waliendelea kuuawa?

Biashara ya kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwenye mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Lausanne, Uswisi, Oktoba 1989, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka hoja hiyo. Miezi michache kabla, Kenya ilikuwa imeshachoma tani 12 hadharani. Kwa miaka kadhaa soko lilipoa.

Kisha mlango ukaachwa wazi kidogo. Mwaka 1997 tembo wa Botswana, Namibia na Zimbabwe walishushwa hadhi ya ulinzi, na wa Afrika Kusini wakafuata mwaka 2000. Mwaka 1999 ziliuzwa tani karibu 50 kwa Japani, na mwaka 2008 zaidi ya tani 100 kwa Japani na China. Waliounga mkono walisema shehena halali ingekidhi hamu ya wanunuzi na kuwanyima majangili soko. Sisi hatukubaliani na hoja hiyo, na sababu ni rahisi: mnunuzi akiona kinyago dukani hawezi kujua jino lilitoka kwenye ghala la serikali au kwa tembo aliyeuawa mwezi uliopita. Duka lenye leseni likawa mahali pa kusafishia mali ya wizi. Tanzania yenyewe iliomba kuuza karibu tani 90 kwenye mkutano wa Doha mwaka 2010, ikakataliwa, na ilikuwa sawa kukataliwa.

Hatua iliyouma zaidi ni kufungwa kwa masoko ya ndani ya wanunuzi: Marekani karibu kabisa kuanzia Julai 2016, China mwishoni mwa Desemba 2017, na Uingereza kwa sheria ya mwaka 2018 iliyoanza kutumika Juni 2022.

Ni nani hasa anayeua tembo?

Anayefyatua risasi mara nyingi ni mtu wa kijiji cha jirani anayejua njia za maji. Bunduki si yake. Huazimwa pamoja na risasi za kuhesabika, na asiporudi na meno anadaiwa. Nyuma yake kuna wabebaji, mkusanyaji wa mji mdogo, mfadhili wa jiji kubwa, wakala wa forodha na mnunuzi ng'ambo. Ukimfunga mpiga risasi, nafasi yake hujazwa ndani ya wiki. Ukimfunga mfadhili, watu kumi hukosa bunduki kwa siku moja.

Mambo yalibadilika Tanzania pale kikosi cha upelelezi wa makosa makubwa kilipoacha kuhesabu majangili waliokamatwa na kuanza kufuata simu na fedha kwenda juu. Boniface Maliango, aliyejulikana kwa jina la Shetani, alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwezi Machi 2017. Februari 2019, mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu mfanyabiashara Yang Fenglan na Watanzania wawili miaka 15 kwa biashara ya meno 860 yenye thamani ya shilingi bilioni 13, iliyofanyika kati ya mwaka 2000 na 2014. Soma tena hiyo miaka: kumi na minne, mjini, mchana kweupe.

Meno yanapitaje bandarini?

Yanapita kwenye kontena, chini ya bidhaa ya bei ndogo. Mwaka 2013, Mikocheni, Dar es Salaam, meno 706 yalikutwa nyumbani kwa raia watatu wa China pamoja na magunia ya vitunguu saumu. Mei 2015 Singapore ilikamata tani 3.7 zilizofichwa kwenye majani ya chai kutoka Kenya. Julai 2019 hukohuko zilikamatwa tani 8.8 kwenye makontena kutoka Kongo yaliyoandikwa kuwa yamebeba mbao. Bandari inayopitisha maelfu ya makontena haiwezi kufungua yote, kwa hiyo kazi halisi hufanyika kwenye karatasi kabla ya kufungua lakiri.

Ofisa wa forodha mwenye jicho kali hujiuliza: kampuni hii imesajiliwa lini, na imewahi kusafirisha nini? Kwa nini mtu alipe nauli ya meli inayozidi bei ya mzigo wenyewe? Kwa nini hati ya shehena imebadilishwa jina la mpokeaji wakati meli iko baharini? Kwa nini mzigo unazungushwa bandari tatu wakati kuna meli ya moja kwa moja? Uzito wa mzani unalingana na ule wa kwenye hati? Jibu moja baya si kosa. Majibu matatu ni sababu ya kufungua. Skana husaidia, ila wasafirishaji wanalijua hilo: hukata meno vipande vifupi ili umbo la upinde lisionekane kwenye picha.

Doria imekuta mzoga. Ifanye nini?

Isimame kwanza. Mzoga ni eneo la tukio, na dakika tano za mwanzo ndizo huliharibu. Askari kumi wakizunguka kwa viatu vyao, nyayo za majangili zimekwisha.

Mtu mmoja aingie kwa njia moja na atokee kwa njia hiyohiyo. Wengine wabaki nje wakilinda, maana jangili anaweza kuwa bado yuko karibu. Majira ya nukta yasomwe kwenye GPS na kuandikwa kwa kalamu papo hapo, pamoja na saa na majina ya waliokuwepo. Picha zianzie mbali kuja karibu: eneo lote, mzoga kutoka pande nne, uso, majeraha, kisha kila kitu kidogo kikiwa na rula kando yake kabla hakijaguswa.

Halafu mzoga usomwe. Tembo aliyekufa kwa ugonjwa au uzee huwa na meno yake, labda ameshapitiwa na fisi. Aliyepigwa risasi ya ubongo mara nyingi huanguka kifudifudi, miguu imekunjwa chini yake, kwa sababu hakupata muda wa kuyumba. Tembo kadhaa wakiwa wamelala karibukaribu, askari wajue kundi lilizingirwa. Mizoga ya tai kando ya tembo inaashiria sumu, na hapo hakuna kugusa nyama wala maji ya dimbwi la karibu bila glavu. Huko Hwange, Zimbabwe, mwaka 2013 sayanidi iliua tembo wengi pamoja na wanyama wengine waliofika kula na kunywa. Kwenye hifadhi ya Tsavo, Kenya, silaha ya kimya ni mshale wa sumu. Huo ndio uliomuua Satao, dume maarufu kwa meno yaliyokaribia kugusa ardhi, Mei 2014.

Kifaa cha kugundua chuma kipitishwe juu ya mzoga na ardhi iliyouzunguka. Ganda la risasi lisiokotwe kwa vidole: liinuliwe kwa kijiti kilichoingizwa mdomoni mwake, liwekwe kwenye bahasha ya karatasi, lifungwe na kusainiwa. Karatasi, si plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na unyevu hula alama. Ganda hilo linaweza kulinganishwa na la mzoga wa kilomita 200 kutoka hapo, na ghafla matukio mawili yanakuwa bunduki moja. Pakti ya sigara, kichungi, kipande cha sabuni, vocha ya simu: vyote hivyo ni vielelezo.

Kwa nini kesi nyingi huanguka mahakamani wakati meno yalikamatwa?

Hili ndilo swali linalotuuma kuliko yote, kwa sababu tembo ameshakufa, mtuhumiwa amekamatwa, meno yako mezani, na bado mtu anatoka akiwa huru. Adhabu ya Tanzania ni kali, kifungo cha miaka 20 hadi 30, na kosa huhesabiwa kuwa la uhujumu uchumi. Lakini adhabu kali huwapa mawakili wa utetezi sababu ya kuchunguza kila karatasi, na mara nyingi wanapata wanachotafuta.

Mahali pa kwanza ni hati ya ukamataji mali. Lazima ijazwe palepale mali ilipokutwa, ikisainiwa na aliyekamata, aliyekutwa nayo na shahidi huru. Askari wengi huijaza kituoni saa tatu baadaye, na shahidi huru anakuwa askari mwenzao. Kwenye maswali ya utetezi hilo hujulikana ndani ya dakika kumi.

Pa pili ni mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Nani alimkabidhi nani, lini, wapi, na namba gani? Mahakama ya Rufani ilieleza jambo hili kwa kirefu katika shauri la Paulo Maduka na wenzake. Baadaye imelegeza kidogo kwa vitu kama meno ya tembo, ikiona si rahisi vibadilishwe mkononi kama dawa za kulevya. Msitegemee huruma hiyo. Andikeni alama kwenye kila jino mbele ya mtuhumiwa, na namba ileile ionekane kwenye hati ya ukamataji, rejista ya ghala, hati ya tathmini na hati ya mashtaka. Namba moja ikiandikwa 17 hapa na 71 pale, mnyororo umekatika.

Pa tatu, hati ikishapokelewa mahakamani lazima isomwe kwa sauti ili mtuhumiwa ajue ina nini. Isiposomwa, hufutwa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, hata kama ndiyo iliyobeba kesi nzima. Inachukua dakika tatu kuisoma. Pa nne ni kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka: kesi ya uhujumu uchumi ikisikilizwa mahakama ya chini bila kibali na hati sahihi ya kuipa mamlaka, mwenendo wote ni batili, na kuanza upya baada ya miaka minne maana yake mashahidi wamehama au wamekufa.

Mombasa nako kuna somo. Julai 2016 mfanyabiashara mmoja alihukumiwa miaka 20 kwa shehena ya tani zaidi ya mbili. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachia huru kwa kasoro za ushahidi.

Mthamini anafanya kazi gani?

Anathibitisha kwamba kitu ni nyara ya serikali, yaani sehemu ya mnyamapori, na kutaja thamani yake. Kwa Tanzania anahesabu tembo, hahesabu kilo, na mahakamani tembo mmoja amekuwa akithaminiwa dola 15,000. Aeleze alivyotambua: mistari inayokatana kwenye uso wa jino lililokatwa hufanya pembe pana, zaidi ya nyuzi 115 kwa tembo, na chini ya 90 kwa mamothi, mnyama wa kale aliyekwisha kutoweka. Mthamini anayesema "najua kwa uzoefu" peke yake huirahisishia kazi timu ya utetezi.

Vipimo vya maabara vinaongeza nini?

Vinasema tembo aliuawa wapi na lini. Timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington ililinganisha vinasaba vya meno yaliyokamatwa na ramani iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo, na mwaka 2015 ikaonyesha kwamba meno mengi ya tembo wa savana yalitoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kabla hawajachukua sampuli hupanga meno na kutafuta jozi kwa kupima kipenyo cha shina, rangi na alama ya fizi, ili tembo mmoja asipimwe mara mbili. Inapotokea jino la kushoto liko kwenye kontena moja na la kulia kwenye kontena la bandari nyingine, wafadhili wa makontena hayo wanaanza kuonekana kuwa mtu mmoja.

Kipimo cha kaboni, kinachoonyesha tembo alikufa lini, nacho kilivunja kisingizio cha zamani kwamba meno yanayokamatwa ni mali iliyovuja kutoka kwenye maghala. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mengi yalitoka kwa tembo waliouawa chini ya miaka mitatu kabla ya kukamatwa.

Meno yaliyokamatwa yatunzwe vipi? Na kuyachoma kunasaidia?

CITES inataka kila jino zima, na kila kipande chenye urefu wa sentimita 20 au zaidi na uzito wa kilo moja au zaidi, kiwe na alama isiyofutika: herufi mbili za nchi, mwaka, namba ya mfuatano, na uzito kwa kilo. Kwenye jino zima alama huwekwa karibu na ulipoishia mdomo. Pimeni upya kila mwaka kwa mzani uleule. Jino hupoteza uzito kidogo likikauka, hivyo upungufu mdogo kwenye meno yote ni kawaida. Jino moja kupungua kilo mbili wakati jirani zake hayajabadilika si ukavu, ni mtu.

Kenya ilichoma tani 105 tarehe 30 Aprili 2016. Jino haliwaki kama kuni. Linahitaji mafuta yanayosukumwa kwa bomba kwa siku kadhaa. Kuchoma hakupunguzi ujangili kwa siku moja, lakini kunaondoa kishawishi cha ghala. Sharti moja: sampuli na kumbukumbu zichukuliwe kwanza, na vielelezo vya kesi ambazo hazijaisha visiguswe.

Tembo anakula shamba langu. Kwa nini nimlinde?

Swali hili ni la haki, na asiyelijibu asitegemee taarifa kutoka kijijini. Mkulima aliyepoteza ekari mbili za mahindi kwa usiku mmoja ndiye mtu wa kwanza ambaye jangili humtembelea. Tanzania ina kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa vifo na majeraha, lakini madai yasiyotolewa taarifa mapema hukataliwa. Piga picha uharibifu asubuhi ileile, mwite mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori, na uhakikishe ekari zimepimwa kabla hujalima tena.

Ya kufukuzia yapo. Kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali ya unga inafaa, mradi ipakwe upya kila baada ya mvua. Ikiachwa wiki tatu ni kamba tu. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa na kuenea kutoka Sagalla karibu na Tsavo, hutundika mizinga kila mita 10 hivi kwenye waya mmoja. Tembo akigusa waya, mizinga yote inatikisika. Unashindwa mahali pakavu ambapo nyuki hawana maji wala maua na wanahama, basi wekeni maji. Tochi kali na honi hufanya kazi zikitumiwa na kundi la watu, kwa zamu, na kabla tembo hajaonja. Akishaanza kula, kumtoa ni hatari. Na msimzunguke: acheni upande mmoja wazi atokee.

Kwa nini serikali isitumie operesheni za nguvu tu?

Ilitumia. Operesheni Tokomeza, msako wa majangili wa nchi nzima Tanzania, ilianza Oktoba 2013 na kusitishwa ndani ya mwezi kwa malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Waliopigwa walikuwa wanavijiji. Walionufaika walikuwa wafadhili, kwa sababu baada ya hapo watu waliojua mengi walifunga midomo.

Wanaofanya kazi hii wako salama?

Hapana. Wayne Lotter, mwasisi mwenza wa shirika la uhifadhi la PAMS Foundation aliyesaidia upelelezi wa mitandao hii, aliuawa kwa risasi Dar es Salaam Agosti 2017. Desemba 2022 watu 11 walitiwa hatiani kwa mauaji hayo. Askari wa doria huuawa wengi zaidi, na majina yao hayafiki magazetini.

Nimerithi bangili ya meno ya tembo. Nifanye nini?

Usiiuze, usiivushe mpaka, usimpe mgeni zawadi. Nenda na mtu mzima wa familia au wakili kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya, eleza ilivyokufikia, na upewe maandishi ya makabidhiano.

Nimeambiwa kuna mtu anauza meno. Nitoe taarifa vipi?

Usijifanye mnunuzi na usiende kuyaona. Aliyekutwa chumbani na meno ni mtuhumiwa kama wengine. Andika ulichosikia kwa maneno yaleyale: nani alisema, lini, gari la namba gani, simu gani ilitumika, meno mangapi, yanatarajiwa kuondoka lini. Usipige picha ikiwa utaonekana. Taarifa mpe ofisa mmoja wa cheo cha juu wa upelelezi au wa mamlaka ya wanyamapori, nje ya eneo ambako mzigo upo, na usiirudie kwa mwingine. Omba jina lako lisiandikwe kwenye jalada. Ofisa akikuuliza kama ungependa kuandamana na askari siku ya kukamata, kataa.